UZI: Karatasi za jeshi na kadi za vikosi kwa wacheza vita vya mezani, tunazipangaje zisomeke mezani?

KeteSita (Mbeya)

Wakuu, uzi huu ni wa karatasi tu. Rangi, gundi na besi (vibao vya chini ya modeli) vina nyuzi zake.

Tunaocheza kanda hii tuna ugonjwa mmoja. Jeshi limepakwa rangi safi, meza imepambwa vilima kama Loleza, halafu mchezo unakwama kila dakika tano kwa sababu mtu anapekua simu kutafuta bunduki fulani inapenya kiasi gani. Programu za kujengea jeshi zinatoa orodha nzuri ya kuhesabia pointi, si ya kuchezea. Kila kikosi kinapewa ukurasa wake na kila kitu kimerundikwa humo: mwendo, silaha, uwezo, hadi simulizi. Ukifika awamu ya kurusha risasi unafunua kurasa zote. Ukifika awamu ya kuvamia unazifunua upya.

Msimamo wangu ni kwamba karatasi ifuate mzunguko wa mchezo, isifuate kitabu. Natolea mfano mchezo wa Warhammer 40,000 (ndiyo 40k), toleo la 10, la mwaka 2023, maana ndilo wengi wanaloliuliza. Zamu yake ina awamu tano: amri, mwendo, kurusha, kuvamia, mapambano ya karibu. Basi A4 yako iwe na mikanda mitano kutoka juu kwenda chini, na kila mkanda ubebe tu kile unachokitazama wakati huo.

Mkanda wa amri: pointi 1 ya amri kwa kila mchezaji, vikosi vyenye uwezo unaoanza hapa, na ile namba ya waliobaki inayolazimisha jaribio la mshtuko, yaani kete za kuona kama kikosi kilichopungua kinayumba.

Mkanda wa mwendo: jina la kikosi na M yake, yaani inchi kinazosogea. Kama kinashuka kutoka akiba, andika pembeni "zaidi ya inchi 9 kutoka kwa adui". Usinakili aya nzima ya kanuni, unaijua.

Mkanda wa kurusha ndio mzito, na hapo ndipo A4 inashinda simu. Kila silaha ina mstari wake: idadi ya watu mara mapigo (andika 10 × 2, usiandike 20, maana watu watakufa), masafa, kugonga, nguvu, kupenya, dhara. Kisha ongeza safu tano ambazo programu haikupi: unahitaji ngapi kumjeruhi adui wa uimara 3, 4, 5, 8 na 10 (3+ maana yake kete itoke 3 au zaidi). Kwa mfano:

Nguvu 4: 3+, 4+, 5+, 6+, 6+
Nguvu 5: 3+, 3+, 4+, 5+, 6+
Nguvu 8: 2+, 2+, 3+, 4+, 5+

Kanuni yake ni hii: nguvu ikiwa mara mbili ya uimara au zaidi ni 2+, ikizidi tu ni 3+, zikilingana ni 4+, ikipungua ni 5+, ikiwa nusu au chini ya nusu ni 6+. Watu wanakosea zaidi pale kwenye "mara mbili". Nguvu 8 dhidi ya uimara 5 bado ni 3+, kwa sababu mara mbili ya 5 ni 10. Ukishaandika safu hizo nyumbani, mezani hakuna hesabu.

Mkanda wa kuvamia hauna mengi: inchi 12, kete mbili, nani anaruhusiwa kuzirusha upya. Mapambano ya karibu yanajazwa kama kurusha, bila masafa.

Nyuma ya karatasi weka kinga: uimara, SV (kinga ya kawaida ya kete), uhai, na kinga isiyopunguzwa na kupenya. Hizo unazitazama zamu ya mpinzani, kwa hiyo unageuza karatasi mara moja tu, zamu inapobadilika.

MwanjelwaMini

Mleta uzi umenena. Nafuatilia.

UyoleMikakati (Mbeya)

Mkuu KeteSita, nakubaliana nawe kwa 40k tu. Mikanda ya awamu inafaa pale ambapo upande mmoja unacheza zamu nzima, jeshi lote linasogea, kisha lote linarusha. Kwenye michezo ya kupokezana kikosi kimoja kimoja, karatasi yako itakuchelewesha kuliko hiyo simu.

Chukua mchezo wa One Page Rules. Unaamsha kikosi kimoja, kinasogea, kinarusha au kinavamia, basi, zamu ya mwenzako. Hapo unataka mwendo, silaha na uwezo wa kikosi hicho kwenye kadi moja. A6 inatosha kabisa, kadi nne kwa A4 moja. Namba kuu ni mbili tu, ubora na ulinzi, ziandike kubwa kona ya juu kulia, kona ambayo kidole gumba hakiifuniki ukiishika kadi kwa mkono wa kushoto. Ukimaliza kikosi unailaza kadi kifudifudi. Hakuna haja ya alama za "ameshacheza" kutapakaa mezani.

Bolt Action, mchezo wa Vita Kuu ya Pili, nayo ni kadi. Kete za amri zinachotwa kutoka mfukoni, hujui nani anafuata, kwa hiyo mpangilio wowote wa awamu hauna maana. Kwenye kadi yake usikose vitu vinne. Kwanza ngazi ya kikosi na namba ya kukiumiza: wasio na uzoefu 3+, wa kawaida 4+, wakongwe 5+. Pili ari: 8, 9, 10 kwa mpangilio huohuo. Tatu, visanduku vya alama za kubanwa na risasi, idadi yake sawa na ari, maana alama zikifika namba ya ari kikosi kimekwisha. Kikosi cha kawaida kina visanduku 9, na cha tisa ukichore kwa mstari mnene. Nne, chini ya kila kisanduku andika ari iliyobaki, yaani 8, 7, 6 na kuendelea, ili mtu asitoe kichwani huku ana kete mkononi.

Vipunguzo vya kulenga visiwe kwenye kila kadi. Hivyo ni vya mchezo mzima, vina karatasi yake moja katikati ya meza.

KeteSita

Sawa, hapo nakupa. Mzunguko wa mchezo ndio unaoamua: awamu kwa jeshi zima, karatasi moja, kupokezana, kadi.

Gangilonga28 (Iringa)

Kamwene wadau. Mnaongelea karatasi inayotoka, mimi niongelee inakotoka, maana makosa mengi yanazaliwa kwenye jedwali la kompyuta.

Usiandike moja kwa moja kwenye ukurasa wa kuchapa. Tengeneza kurasa tatu za data: VIKOSI, SILAHA, UWEZO. Silaha moja iandikwe mara moja tu katika maisha yake. Ukurasa wa nne, KUCHAPA, uvute kila kitu kwa fomula. Watu huandika bunduki ileile kwenye vikosi sita, masahihisho ya kanuni yanatoka, wanabadilisha vitatu na vitatu vinabaki vya zamani. Mezani inaonekana kama wizi kumbe ni uzembe wa kunakili.

Fomula: VLOOKUP lazima imalizie na FALSE au 0. Ukiiacha wazi inatafuta kinachokaribia, na ukurasa ambao haujapangwa kialfabeti utakupa silaha ya kikosi kingine bila onyo lolote. XLOOKUP ni nzuri lakini kompyuta nyingi za steshenari na za ofisini zina Excel za zamani, haipo. INDEX na MATCH zinakwenda kote, hata LibreOffice. Ukiona #N/A wakati jina unaliona lipo, tazama nafasi tupu mwishoni mwa jina, TRIM inaiondoa.

Sasa mtego mkubwa. Ukiandika 1-4 kwenye Excel, mfano "uhai ukibaki 1-4 punguza kugonga", inageuza kuwa tarehe. Ukiandika +1 inabaki 1, alama ya kujumlisha inapotea, na kwenye karatasi hujui tena kama ni nyongeza au ni thamani yenyewe. Chagua safu nzima uiweke muundo wa Text KABLA ya kuandika. Ukiiweka baada, ile tarehe itageuka namba ndefu isiyoeleweka na itabidi uandike upya. Kwa seli moja moja, anza na kistari cha juu: '1-4.

Upana: A4 iliyolazwa inabeba safu 12 hadi 14 kwa herufi za pointi 9 bila kubanana. Zaidi ya hapo unapunguza herufi na unaharibu kazi. Na usichape A4 halafu uombe ipunguzwe kuwa A5. Kipunguzo ni asilimia 71, herufi za pointi 8 zinakuwa chini ya 6, taa ikiwa hafifu huzioni. Panga ukurasa wa A5 tangu mwanzo.

Mgeni_Mafinga

Habari za humu wakubwa zangu. Naomba kueleweshwa kitu, hiyo namba ya jaribio la mshtuko mnaipataje? Mimi nahesabu nusu ya kikosi, mwenzangu ananiambia nimewahi sana kurusha kete. Kikosi cha watu 10 wakibaki 5, narusha au sirushi?

UyoleMikakati

Karibu mdogo wangu. Nyote wawili mko sahihi, kila mtu kwa mchezo wake. 40k inasema chini ya nusu. One Page Rules inasema nusu au pungufu. Kwa hiyo kikosi cha 10: kwenye 40k unarusha wakibaki 4, kwenye One Page Rules tayari wakibaki 5. Ndiyo maana mleta uzi kasema iandikwe namba, si neno "nusu".

Kwa 40k jaza hivi kwenye mkanda wa amri: kikosi cha 5, wakibaki 2. Cha 6, wakibaki 2. Cha 10, wakibaki 4. Cha 20, wakibaki 9. Modeli moja yenye uhai 12, ukibaki 5.

Kiongozi aliyeambatana anahesabiwa. Kikosi cha 10 na kiongozi wake ni 11, kwa hiyo unarusha wakibaki 5. Hii watu wengi hawaiandiki kwa sababu programu inamweka kiongozi kwenye ukurasa wake. Kwenye karatasi yako mweke mstari wa juu kabisa wa kikosi anachokiongoza, chora fremu moja kuwazunguka wote, na namba ya mshtuko iwe ya hao wote kwa pamoja. Uwezo anaowapa uandikwe kwenye mistari ya silaha zao, si kwenye mstari wake yeye. Kama anawapa kurusha upya kete za kugonga zilizotoka 1, weka alama ndogo ya mshale wa kuzunguka pembeni ya namba ya kugonga. Jicho linaikuta palepale.

Mgeni_Mafinga

Ndaga fijo mkuu, nimeelewa. Tutaandika namba.

TukuyuMvua

Nyie wa Iringa mna hewa kavu hamjui adha. Huku karatasi tupu ikilala mezani usiku mmoja asubuhi imejikunja kama chapati, na meza ikilowa kidogo wino wa kumwagika unasambaa. Laminesheni si anasa, ila ina masharti yake.

Uliza kwanza mashine ya kuchapa ni ya leza au ya wino. Leza haina shida. Ya wino iache ikauke robo saa au zaidi. Ukiipitisha mbichi kwenye joto unapata mapovu na rangi inachafuka. Karatasi za risiti, zile za mashine ya joto, USIPITISHE kabisa. Zinatoka nyeusi tii.

Plastiki zinauzwa kwa mikroni. 80 inapinda kirahisi, inafaa karatasi ya A4 ya kukunja. 125 inasimama, inafaa kadi. Kata kadi za karatasi kwanza, zipange ndani ya plastiki moja ya A4 ukiacha milimita 6 hadi 8 kati yake, zipitishe, halafu kata plastiki katikati ya nafasi, ili kila kadi ibaki na ukingo wa milimita 3 au 4 kuizunguka. Ukilamini karatasi nzima ndipo ukate kadi, ukingo wa karatasi unabaki wazi, unyevu unaingia pembeni na plastiki inaachana. Kona zichonge kwa mkasi, zinachoma vidole na zinakwaruza rangi ya modeli kwenye kasha.

Plastiki ya kung'aa chini ya taa ya tyubu inakuwa kioo, msomaji anajiona sura. Ukipata isiyong'aa chukua hiyo. Peni ya ubao mweupe inaandika kote kuwili, ila kwenye ya kung'aa inafutika hata kwa kiganja. Uhai wa modeli kubwa usiuandike kwa peni: chapa namba 12 hadi 0 ukingoni mwa kadi, telezesha kibanio cha karatasi. Kibanio hakifutiki mtu akiegemea.

Wino wa peni ukigoma baada ya siku kadhaa, spirit ya duka la dawa kwenye pamba. Aliyechora kwa peni ya kudumu kimakosa apitishe peni ya ubao mweupe juu ya mistari ileile na kufuta wino ungali mbichi. Inatoka yote.

Gangilonga28

Naongezea upande wa steshenari. Peleka PDF, usipeleke faili la Word wala Excel. Kompyuta yao haina fonti yako, jedwali linasogea, mkanda wa tano unaangukia ukurasa wa pili. Ukituma kwa WhatsApp tuma kama dokumenti. Picha inabanwa na herufi ndogo zinakuwa ukungu. Flash ikirudi nyumbani ikaguliwe kabla ya kufunguliwa, nyingi hurudi na mafolda yaliyogeuka shotikati.

Na mwambie achape kwa Actual size, asilimia 100. Wengi wanaacha Fit, ukurasa unapungua kidogo na kadi hazitoshei vizuri mifuko yake. Chora mstari wa milimita 50 pembeni ya ukurasa, upime kwa rula kabla hajaendelea na nakala nyingine. Kadi za ukubwa wa karata, 63 kwa 88, zinaingia tisa kwa A4 na ukingo unabaki wa kutosha kwa mashine yoyote.

Kama utatoa fotokopi, usitegemee rangi. Nyekundu iliyokolea inatoka karibu nyeusi na maandishi yanamezwa. Mstari mmoja kijivu hafifu, mmoja mweupe, basi. Vikosi vitofautishe kwa alama ileile uliyoipaka kwenye besi: nukta, pembe tatu, mistari miwili. Ukiwa na vikosi vitatu vya aina moja hilo ni la lazima, la sivyo utakata uhai wa kikosi B kwenye kadi ya A.

KeteSita

Wakuu, kuna safu ambayo wengine wanaiweka: wastani wa kuua. Mfano mapigo 20, kugonga 3+, kujeruhi 4+, kinga 3+, inatoka kama 2.2. Mnaionaje?

NjombeBaridi

Inasaidia kupanga jeshi, mezani inapotosha. Hiyo 2.2 ni ya kikosi kamili dhidi ya adui asiye na kificho. Zamu ya pili wamebaki 7 na adui yuko magofuni, namba imeshakufa lakini mtu anaendelea kuiamini. Na kificho chenyewe kina kona: kinaongeza 1 kwenye kinga, lakini mwenye 3+ au bora zaidi hanufaiki dhidi ya silaha isiyopenya. Huwezi kuyaingiza hayo yote kwenye safu moja.

UyoleMikakati

Mimi naiweka, ila kwa mtu mmoja, si kwa kikosi: 0.22 mara waliobaki. Mwenye akili atazidisha.

NjombeBaridi

Atazidisha wakati tunamsubiri.

Turudi kwenye karatasi. Hamjagusa michezo ya kihistoria, na huku kwetu ndiko kwenye historia yenyewe. Ukiandaa Lugalo ya tarehe 17 Agosti 1891, safu ya kamanda Mjerumani Emil von Zelewski ilipoviziwa na Wahehe wa Mkwawa, wachezaji wako wengi ni wageni wa mchezo lakini kisa wanakijua. Karatasi yao haiwi ya mtu anayejua kanuni. Nusu ya A4, upande mmoja, sentensi za vitendo: "Sogea inchi 6. Au sogea 3 na upige." Vifupisho marufuku. Mistari isizidi 10.

Safu ya safari inahitaji kitu ambacho orodha ya pointi haina, nacho ni mpangilio wa nani anamfuata nani. Chora visanduku kwa mstari, tangulizi hadi wapagazi wa nyuma, na kila kisanduku kiwe na namba iliyo chini ya besi. Upande wa Wahehe upewe kadi za kuficha: kadi moja kwa kikosi, na mbili au tatu za bandia zenye mgongo uleule. Migongo ichapwe kwenye karatasi ileile na siku ileile, weupe ukitofautiana tu mpinzani anazijua za bandia.

Silaha nazo ziseme ukweli wa wakati. Bunduki ya Mauser ya 1871 inaingiza risasi moja moja na baruti yake ina moshi. Askari wengi wa Wajerumani walikuwa nayo bado hata vita ya 1914 ilipoanza. Sisi kwa kanuni za nyumbani tunaweka duara tupu mbele ya silaha hiyo kwenye kadi: akipiga, pamba, ndiyo moshi wenyewe, inakaa mbele ya kikosi hadi zamu yake ijayo, na wanaolenga kupitia pamba wanapunguziwa 1. Kipunguzo hicho kiandikwe kwenye karatasi za pande ZOTE mbili. Kikiandikwa upande mmoja tu, kitasahaulika pale kinapomfaa mwingine.

Chagua inchi au sentimita, usichanganye. Inchi 24 ni sentimita 60.96, wanaozidisha kwa 2.5 wanapata 60, na ugomvi wa mwisho wa masafa huwa ndani ya hiyo sentimita moja.

MwanjelwaMini

Na mpinzani apewe nakala nzima ya karatasi yangu au?

Gangilonga28

Nzima hataisoma. Mpe upande wa nyuma tu: jina la kikosi na alama yake ya besi, idadi, uimara, SV, kinga isiyopunguzwa, uhai, na uwezo unaomzuia yeye kufanya jambo, kama kutolengwa kutoka mbali. Chini kabisa weka toleo la kanuni na tarehe uliyochapa, kwenye karatasi yako na yake. Zikitofautiana tarehe kabla ya kete ya kwanza, ile ya zamani inakaa pembeni. Tarehe iandike kwa mkono wako, usitumie =TODAY(): kila ukifungua faili kuchapa upya inajibadilisha, na karatasi yenye namba za mwaka jana itajisema ni ya leo.